Mzazi Darasani: Saa za Jioni na Masomo ya Watu Wazima katika Mwambao wa Uvira

1. Utangulizi

Mjini Uvira, baba au mama anayerudi masomoni akiwa tayari ana kazi na watoto huzungumziwa kana kwamba ni jambo la siku hizi. Wapo wanaomsifu, wapo pia wanaomwuliza, kwa mzaha wenye ncha, kama atahitimu kabla ya wanawe au baada yao. Wote hao, wenye sifa na wenye mzaha, wanaongozwa na dhana moja: kwamba mahali pa mtu mzima si kwenye benchi la mwanafunzi, na kwamba aliyeketi hapo amechelewa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa dhana hiyo haina mizizi mirefu katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Tangu karne ya 19 mtu mzima mwenye nyumba yake alikuwamo miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa eneo hili, naye alisoma katika saa zilizobaki baada ya kazi. Shule ya kikoloni, na chuo kikuu kilichoirithi, ndivyo vilivyoyahamishia masomo kwenye saa za mchana na kwenye miji ya mbali. Tangu hapo kila mzazi aliyetaka kurudi chuoni alimhitaji mtu mwingine wa kubaki nyumbani na kulipa gharama ya wakati huo. Kwa hiyo historia tunayoifuata hapa haihusu bidii ya mwanafunzi peke yake. Inahusu pia wakati wake, na mtu aliyempatia wakati huo.

2. Maneno yenyewe yasemavyo

Yafaa tuanze na maneno, maana humo dhana hujificha. Neno mwanafunzi lina sehemu mbili: mwana, na -funzi itokanayo na kitenzi kufunza. Msikilizaji wa leo husikia "mtoto" katika sehemu ya kwanza. Lakini mwana, katika maneno yaliyoundwa kwa namna hii, haitaji umri. Hutaja uhusiano wa mtu na jambo fulani. Mwanamaji ni mtu wa bahari, mwanachama ni mtu wa chama, mwananchi ni mtu wa nchi, na hakuna adhaniaye kuwa hao ni watoto. Mwanachuoni, kwa matumizi ya pwani ya Bahari ya Hindi, ni mtu mzima tena mwenye heshima, aliyezama katika elimu ya dini. Chuo nacho kilikuwa kitabu, na mahali pa kusomea Kurani, kabla ya kuambatanishwa na sifa ya "kikuu".

Neno darasa lina ushahidi mkubwa zaidi. Katika desturi ya Waislamu wa pwani, darasa ni somo linalotolewa msikitini au barazani kwa shehe, aghalabu kati ya sala ya magharibi na sala ya isha, na wasikilizaji wake wengi ni watu wazima waliokwisha kutoka shambani, baharini au dukani. Wakati huo ulichaguliwa kwa makusudi, kwa sababu ndio uliokuwa huru kwa mwenye kazi na familia.

Katika Kiswahili cha Uvira na Bukavu chumba cha shule huitwa kalasi, kutoka Kifaransa. Jioni nayo huitwa mangaribi, kutoka jina lile lile la sala. Neno la kwanza lilikuja na shule ya Mbelgiji. La pili lilikuja na misafara, kabla yake. Tutaona kwamba maneno haya mawili, kalasi na mangaribi, yalitengana kwa muda mrefu kabla ya kukutana tena.

3. Wanafunzi wa kabla ya shule ya serikali

Wakati Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mnamo Aprili 1858, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kuijua njia hiyo. Pamoja na biashara, ya pembe na ya watumwa, walikuja na lugha yao na dini yao. Kwa mtu wa ziwani aliyetaka kuingia katika jamii ya waungwana, kujifunza kulikuwa jambo la ukubwani: lugha, sala, adabu, na kwa wachache herufi za Kiarabu.

Wamisionari wa Afrika, wajulikanao kama Mapadre Weupe, walifuata miaka 20 baadaye. Walijaribu kwanza Rumonge, ng'ambo ya mashariki, mwaka 1879, wakauawa watatu kati yao mwaka 1881. Kisha wakajenga Kibanga, katika ufuko wa magharibi, mwaka 1883. Kanuni aliyowawekea Kardinali Lavigerie ilikuwa kali: mtu mzima asibatizwe kabla ya kupita miaka 4 ya mafundisho. Tukiiangalia kanuni hiyo kwa jicho la mwanahistoria wa elimu, tukaliacha suala la imani kwa wenye nalo, tunaona utaratibu wa masomo wa miaka 4 uliowekwa kwa ajili ya watu wazima, wenye ndoa, watoto na mashamba. Lugha iliyotumika katika misheni za ziwani ilikuwa Kiswahili. Mkatekumeni hakuitwa mchelewaji. Ilieleweka kuwa mtu hujifunza anapofikiwa na fundisho, awe na umri wowote.

Hatudai kwamba hali hiyo ilikuwa ya uhuru. Wakazi wengi wa Kibanga walikuwa watu waliokombolewa utumwani, nao waliishi chini ya amri ya mapadre. Hoja yetu ni finyu zaidi: kwamba mpangilio wa mafundisho ulimkuta mtu mzima mahali alipoishi, pamoja na watu wa nyumbani mwake.

4. Shule ya Mbelgiji na mgawanyo mpya wa umri

Serikali ya kikoloni ilileta mambo mawili yaliyobadilisha hali. La kwanza ni shule ya mchana kwa watoto, yenye madarasa yanayofuatana mwaka kwa mwaka. La pili ni cheti kinachofungua mlango wa kazi ya mshahara. Tangu mambo haya mawili yafungamane, umri ukawa mpaka: aliyekosa darasa la mtoto alikosa cheti, na aliyekosa cheti alikosa cheo.

Shule zenyewe ziliachiwa misheni. Misheni za Kikatoliki ndizo zilizopata ruzuku ya serikali kuanzia miaka ya 1920. Za Kiprotestanti, ambazo katika eneo letu ziliongozwa zaidi na Wapentekoste kutoka Uswidi na Norwe, zilingoja hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Kijana wa Uvira aliyetaka ualimu aliweza kupanda milima hadi Nyangezi, ambako Mabruda wa Kimarista waliendesha shule ya kuandaa walimu. Huko aliishi bwenini, mbali na wazazi, wala haikutarajiwa awe na mke. Hivyo ndivyo taswira ya mwanafunzi ilivyoumbwa: kijana wa kiume, asiye na nyumba, ambaye wakati wake wote ni mali ya shule.

Mwanamke aliyeolewa hakusahauliwa kabisa, ila alirudishwa darasani kwa namna nyingine. Mfano ulio karibu nasi ni ule wa Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura, ambako kati ya mwaka 1946 na 1960 kulikuwa na kituo kilichoitwa kwa Kifaransa foyer social. Wanafunzi wake walikuwa wanawake wenye waume, wakaazi wa mitaa ya Waafrika ambamo Kiswahili ndicho kilichotawala. Walifundishwa kushona, kufuma, kupika, kupiga pasi na kulea watoto, na wafanyakazi wa Kizungu waliwatembelea majumbani kuangalia kama mafundisho yanafuatwa. Huyo naye alikuwa mzazi darasani. Tofauti ni kwamba karani au mwalimu alisoma ili atoke nyumbani, ilhali mkewe alirudishwa darasani ili afundishwe kubaki humo.

Matokeo ya mpango huo yalionekana wazi mwaka 1960. Lovanium ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954 na chuo kikuu cha serikali cha Elisabethville mwaka 1956. Hata hivyo, siku ya uhuru Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakuzidi 20. Mwanamke wa kwanza Mkongo kupata shahada hiyo, Sophie Kanza, aliipata Geneva mwaka 1964.

5. Uhuru, diploma na safari ya Lubumbashi

Ofisi zilizoachwa na Wabelgiji zilijazwa na watu waliokuwa tayari kazini: makarani, walimu wa msingi, wauguzi. Wengi wao walikuwa na familia, na vyeo vyao vipya vilidai vyeti ambavyo koloni haikuwapa nafasi ya kuvitafuta. Katika eneo letu jambo hilo lilizidishwa na vita. Mwezi wa Mei 1964 Uvira iliingia mikononi mwa waasi, shule zikafungwa, na vijana wengi wa bonde la Rusizi na wa Fizi wakapoteza miaka ya masomo ambayo baadaye waliitafuta wakiwa watu wazima.

Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 1967, uliwapa njia. Pamoja na wanafunzi wa shule, ulimkubali mtahiniwa aliyejisomea mwenyewe, yule aitwaye kwetu otodidakti. Mlango huu mdogo una umuhimu ambao historia za elimu haziupi uzito wake, kwa kuwa ulitambua kisheria kwamba masomo yaweza kufanyika nje ya benchi, usiku, kwa taa ya mafuta, watoto wakiwa wamelala.

Lakini baada ya diploma ulikuja umbali. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre, na kugawanya vitivo kati ya miji mitatu. Fasihi na isimu zilipelekwa Lubumbashi. Mwalimu wa Uvira angeweza kusomea gradua ya miaka 3 katika Institut Supérieur Pédagogique ya Bukavu. Akitaka lisansi ya isimu katika chuo kikuu, miaka 2 zaidi, ilimbidi aelekee Lubumbashi. Njia ya kawaida ilikuwa kupanda meli katika bandari ya Kalundu hadi Kalemie, kisha gari moshi kupitia Kabalo na Kamina. Safari ya namna hiyo haifanywi kila mwisho wa juma. Aliyekwenda aliondoka kwa mwaka mzima, na nyumba aliiacha.

Hapa ndipo swali la nani aliyeweza kuondoka linapokuwa swali la sheria. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kutoa huduma yeye mwenyewe, nayo ilimlazimu, isipokuwa kwa sababu za haki, kuishi na mumewe popote mume atakapoona panafaa. Baba aliyepata nafasi Lubumbashi alihitaji nauli na ujasiri. Mama aliyepata nafasi hiyo hiyo alihitaji, zaidi ya hayo, ruhusa. Idhini hiyo iliondolewa na sheria ya Julai 2016, inayowataka wanandoa wakubaliane. Yaani vizazi viwili vya wanawake waliosoma katika mwambao huu vilikwisha kupita chini ya kanuni ya zamani au desturi iliyoizaa.

6. Chuo chakaribia, mshahara watoweka

Miaka ya mwisho ya utawala wa Mobutu ilileta kinyume cha ajabu. Vyuo vilikaribia: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianza mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika mwaka 1991, na kituo cha serikali kilichokuja kuwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu mwaka 1993. Baadaye Uvira yenyewe ikapata taasisi zake za juu. Jambo muhimu zaidi kwa mada yetu ni kwamba nyingi za taasisi hizo zilifungua zamu mbili, ya mchana na ya jioni. Kalasi na mangaribi zilikutana tena.

Wakati huo huo mshahara ulipoteza thamani. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa karibu asilimia 9,800. Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi wa wanafunzi walianza kuwalipa kwa karo za watoto wao, na desturi hiyo ikadumu. Msomaji atafakari hali ya mwalimu wa Uvira aliyejiandikisha jioni katika miaka hiyo: asubuhi aliishi kwa michango ya wazazi wengine, mchana, yeye pia akiwa mzazi, alilipia shule za wanawe, jioni alilipa minervali yake mwenyewe. Fedha ile ile chache ilizunguka mara tatu katika mfuko mmoja. Tangazo la Septemba 2019 la elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma lilipunguza sehemu moja ya mzigo huo, lakini sekondari na chuo hazikuguswa.

Vita navyo vilirudi. Uvira ilitekwa mwezi wa Oktoba 1996, na maelfu ya watu wa Uvira na Fizi wakavuka ziwa hadi Tanzania, wengi wakafikia kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huo huo. Walipoanza kurejeshwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, mwaka 2005, kijana aliyeondoka akiwa sekondari alirudi akiwa baba au mama. Kwake, kurudi masomoni kulikuwa kuendelea na sentensi iliyokatwa katikati, wala hakukuwa anasa ya ukubwani.

7. Majirani: mpaka na ng'ambo ya ziwa

Vyuo binafsi vilivyofunguliwa Bujumbura kuanzia mwaka 2000, vikifundisha hata jioni, viliwavuta watu wa Uvira, maana mji ule hauko mbali hata kilomita 40. Lakini mpaka kati ya Kavimvira na Gatumba haukeshi wazi usiku kucha. Somo la jioni linalomfaa mfanyakazi wa Bujumbura humwacha mfanyakazi wa Uvira upande usio wake. Naye huchagua kulala huko, au kukosa kipindi cha mwisho. Saa ya kufungwa mpaka, iliyowekwa kwa ajili ya forodha na usalama, imekuwa pia saa ya kufungwa masomo.

Tanzania ilipitia somo lenye mafunzo kwetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka anayemaliza sekondari afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Nia ilikuwa njema: chuo kipate watu wanaoijua kazi. Lakini wanawake waliotoka kwenda kazini waliolewa, wakazaa, na wengi hawakurudi, hata ikabidi wanawake waondolewe sharti hilo baada ya miaka michache. Kumbe haitoshi kumkubali mtu mzima mlangoni ikiwa ratiba ya ndani bado ni ya kijana asiye na mtoto. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kilishika njia nyingine: masomo yakamfuata mtu mkoani kwake, Kigoma ikiwemo.

8. Ukurasa wa tabaruku kama chanzo cha historia

Mtafiti atauliza: ushahidi wa mchango wa nyumbani utapatikana wapi, ikiwa daftari za vyuo huandika jina la mwanafunzi peke yake? Tunapendekeza chanzo kimoja ambacho kila maktaba ya chuo inacho, nacho hakijatumiwa ipasavyo: kurasa za tabaruku na shukrani mwanzoni mwa kazi za mwisho wa gradua na memware za lisansi.

Mwanafunzi asiye na familia huwatabarukia wazazi wake. Mwanafunzi mzazi humtabarukia mwenzi wake, kisha huwataja watoto mmoja mmoja, na mara nyingi humshukuru dada, shangazi au mama mkwe. Orodha hizo ni rejesta ya kazi isiyolipwa. Aliyetajwa hapo ndiye aliyepika mwandishi alipokuwa katika kipindi, aliyeuza samaki au vitenge ili minervali ikamilike, aliyemnyamazisha mtoto usiku wa mtihani. Kurasa hizo, zaidi ya hayo, zimeandikwa kwa Kifaransa, ilhali kazi zinazoshukuriwa zilifanywa, kuombwa na kukubaliwa kwa Kiswahili, Kifuliru, Kivira au Kibembe. Mara nyingi anayeshukuriwa hawezi kusoma shukrani yake.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba mzazi darasani si mgeni katika mwambao huu. Alikuwako katika darasa la magharibi, katika mafundisho ya miaka 4, na katika chumba cha otodidakti. Kilichomfanya aonekane mgeni ni ratiba iliyobuniwa kwa ajili ya kijana wa bweni. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vya Kongo vimekuwa vikiingia katika mfumo wa LMD, unaohesabu masomo kwa kredi zisizopotea mwanafunzi akikwama katika somo jingine. Mfumo huo waweza kumfaa mzazi, mradi kredi zipangwe pia kwa saa za jioni na kwa likizo ndefu ya kiangazi, ambapo walimu wa shule huwa huru.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Katika nyumba nyingi makubaliano kati ya mke na mume huwa ya zamu: wewe kwanza, mimi baadaye. Sheria ya 1987, umbali wa Lubumbashi, kuanguka kwa mshahara na vita viwili vilimwelemea zaidi yule wa zamu ya pili, na kwa kawaida wa zamu ya pili alikuwa mama. Tunawaomba wenzetu wa idara za historia na za lugha wawapeleke wanafunzi wao kwa akina mama waliotajwa katika kurasa za tabaruku za miaka 40 iliyopita, wawahoji kwa lugha zao, na kuwauliza swali ambalo hakuna daftari la chuo lililowahi kuliandika: je, zamu yako ilifika?